Kwa Nini L na R Huwasumbua Watu: Jinsi Lugha Inavyozipanga Sauti Zake

Kila baada ya muda video moja huanza kuzunguka kwenye simu za watu wa Nairobi. Aghalabu ni kiongozi anayehojiwa kando ya jukwaa, au mfanyabiashara aliyesimamishwa sokoni na mwanahabari. Anataka kusema "mahali," inatoka "mahari." Anataka kuwahimiza watu wakapige kura, inatoka "kula." Vicheko vinafuata, mtu anaandika kwamba mheshimiwa ameshrabu, yaani ametamka kwa lafudhi ya lugha ya kwao, na mjadala unahama kutoka alichokisema hadi jinsi alivyokitamka. Wanaojaribu kueleza chanzo hutoa sababu zilezile: ulimi wake ni mzito, hakusoma, au ni mvivu wa kutamka.

Sababu zote tatu si za kweli, na huniuma kusikia zikirudiwa hata na walimu. Mtoto akiambiwa ulimi wake ni mzito huamini, na akishaamini huacha kuinua mkono darasani.

Hebu itazame mifano hiyo tena. Katika "mahari" msemaji ametoa r palipotakiwa l. Katika "kula" ametoa l palipotakiwa r. Maana yake sauti zote mbili zimetoka kinywani mwake, pengine ndani ya dakika moja. Ulimi unaziweza zote. Tatizo basi haliko mdomoni, liko kwenye mpango wa sauti uliojengeka kichwani tangu utotoni, na kuna taaluma nzima inayochunguza mpango huo. Inaitwa fonolojia.

Fonolojia ina ndugu yake, fonetiki, na watu huzichanganya. Fonetiki huangalia sauti yenyewe: ulimi umegusa wapi, pumzi imepitia mdomoni au puani, nyuzi za kooni zimetetemeka au zimetulia. Fonolojia huuliza lugha fulani inazitumiaje sauti hizo: zipi zinatenganisha maneno, zipi zinaweza kukaa pamoja, ipi hugeuka ikikutana na nyingine. Namna ya kutamka l ni ileile ukiwa Kiambu kwa Wakikuyu au Machakos kwa Wakamba. Kazi ambayo l imepewa katika lugha za sehemu hizo mbili ndiyo tofauti.

Jambo la pili la kuweka sawa mapema ni kwamba herufi si sauti. Katika "shamba" tunaandika s na h, lakini sauti ni moja. Katika "ng'ombe" tunatumia herufi mbili na alama ya juu kuandika sauti moja ya puani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, na mwandiko ulipobadilika watu hawakubadilisha matamshi yao. Kwa hiyo anayesema "Wakikuyu hawana herufi l, ndiyo maana" anakaribia ukweli, ila ameshika mkia badala ya kichwa. Herufi haipo kwa sababu sauti hiyo haina kazi yake yenyewe katika lugha.

Kazi hiyo ndiyo kiini cha fonolojia. Chukua maneno "kura" na "kula," au "mahari" na "mahali." Yanalingana kila kitu isipokuwa sauti moja, na maana inabadilika kabisa. Basi katika Kiswahili l na r ni fonimu mbili tofauti, kwa sababu kubadilisha moja kwa nyingine kunaleta neno jingine. Ni vivyo hivyo kwa "pika" na "piga," "fua" na "vua," "suka" na "shuka." Lakini si kila tofauti ya sauti ina kazi hiyo. Mtu mwenye mafua, mzee asiye na meno na mtoto wa miaka minne watatamka k ya "kura" kwa namna tatu ambazo mashine itazitofautisha, na sikio lako litasema zote ni k. Sura mbalimbali za fonimu moja huitwa alofoni.

Anayepanda matatu za barabara ya Thika analielewa hili bila kusoma kitabu. Gari mbili za njia namba 45 zinaweza kutofautiana rangi, michoro, muziki na hata ukubwa, na bado zote zitakushusha Githurai 45. Halafu gari mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ni 44 na nyingine ni 45, na ukikosea utajikuta unakunja kuelekea Zimmerman. Abiria mzoefu hupuuza rangi na kusoma namba. Sikio nalo hupuuza alofoni na kusikiliza fonimu. Kilicho muhimu ni kwamba namba zenyewe zilipangwa na watu, na mji mwingine ungeweza kuzipanga vingine.

Gĩkũyũ, lugha ya Wakikuyu, kimezipanga vingine. Darasani tunafundishwa kwamba l ni kitambaza, yaani hewa hupita kandokando ya ulimi, na r ni kimadende, yaani ncha ya ulimi hupiga ufizi. Zote mbili zinatamkwa mahali palepale, na tofauti yake ni ndogo mno. Gĩkũyũ kina fonimu moja tu katika eneo hilo, nayo huandikwa r. Sauti ikiteleza kidogo kuelekea l hakuna neno linaloharibika, kwa hiyo hakuna sababu ya sikio kujali. Mtu aliyelelewa hivyo akifika kwenye Kiswahili anadaiwa agawanye chumba kimoja kiwe viwili, na ukuta wenyewe hausikii. Akisema "mahali" vizuri mara tisa hakuna anayemhesabia; akikosea mara ya kumi ndipo video inarekodiwa.

Wala jambo hili halikuanzia kwa Wakikuyu wa milima ya Aberdare. Kijapani kina fonimu moja katika eneo hilo. Kikorea nacho kina moja, ambayo husikika kama r ikiwa katikati ya irabu na kama l mwishoni mwa neno.

Kila lugha ya nchi hii ina sehemu yake ya namna hiyo. Dholuo, lugha ya Wajaluo, hakina sh, ndiyo maana "shamba" huweza kusikika "samba". Hakina z wala v pia. Katika Kikalenjin p na b hazitenganishi maneno, wala t na d, wala k na g. Koo huanza kutetemeka au kutulia kulingana na sauti zilizo jirani, na msemaji hana haja ya kuliwaza. Kikamba kina l na hakina r. Sauti ambazo Gĩkũyũ kimezihifadhi, Kikamba mara nyingi kimezidondosha: shamba ambalo Mkikuyu huliita mũgũnda, Mkamba huliita mũũnda, na mlima ambao Wagĩkũyũ huuita Kĩrĩnyaga, Wakamba huuita Kĩĩnyaa. Ludwig Krapf aliuona mlima huo mwaka wa 1849 akiwa Ukambani, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina alilolisikia huko ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Hakuna aliyewahi kulicheka jina la Kenya kwa kukosa r na g.

Wasomaji wa Biblia wanakijua kisa cha Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi." Aliyesema "Sibolethi" alijulikana ni Mwefraimu, akauawa. Sura hiyo inataja watu 42,000. Tofauti ya s na sh, ileile inayomsumbua msemaji wa Dholuo, ilifanywa mpaka wa uhai na kifo. Nakitaja kwa sababu kucheka matamshi huonekana jambo dogo, na kisa hiki kinaonyesha jinsi sauti moja inavyoweza kutumiwa kumtenga mtu.

Sasa tugeuze shingo. Wewe unayejivunia kutenganisha l na r, unasikia tofauti kati ya kaa la moto na kaa wa baharini? Mzee wa Mombasa anayezungumza Kimvita anaisikia. Kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi inayopulizwa baada ya k, na kaa la moto halina pumzi hiyo. Paa wa porini na paa la nyumba hutofautiana vivyo hivyo. Mwandiko wetu hauonyeshi, shule haifundishi, na wakazi wengi wa Nairobi hutamka yote kwa namna moja. Masikioni mwa mzee huyo, sisi ndio tunaochanganya. Mwingereza naye hutoa sauti zote mbili kila siku: p ya "Paul" ina pumzi, p ya "Spain" haina. Lakini kwa kuwa katika lugha yake tofauti hiyo haitengi maneno, hajui kwamba anaifanya.

Au chukua irabu. Kiswahili kina tano. Gĩkũyũ kina saba, na zile mbili za ziada, ĩ na ũ, ziko karibu na e na o za Kiswahili, huku e na o za Gĩkũyũ zikitamkwa mdomo ukiwa wazi zaidi. Mtoto aliyezaliwa Umoja au Buruburu akakulia kwenye Kiswahili na Sheng akienda kwa nyanyake Murang'a hukwama papo hapo, kwa sababu masikio yake yanazirundika irabu saba kwenye vyumba vitano. Nyanya hucheka. Ni kasoro ileile, imegeuzwa tu upande.

Masikio haya hujifunga lini? Mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walichapisha uchunguzi wao wa watoto wachanga nchini Kanada. Watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza, wakiwa na miezi sita hadi minane, walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaozungumza Kiingereza huzitofautisha kwa shida. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mtoto huja duniani masikio yakiwa wazi kwa lugha yoyote, halafu kabla hajasema "mama" vizuri ameanza kuyanoa kwa lugha anayoisikia nyumbani na kupuuza sauti nyingine. Hili si udhaifu. Asingepuuza tofauti zisizo na kazi, asingeweza kufuata maneno yanayomiminika kwa kasi. Basi uvivu unaingia wapi katika jambo lililotokea mtu akiwa mgongoni mwa mamake?

Upande wa fonolojia unaonivutia kuliko wote ni kanuni ambazo watu hufuata bila kufundishwa. Tunasema watu warefu, miti mirefu, lakini nyumba ndefu. Kwa nini si "nrefu"? Tunasema ulimi mmoja, ndimi mbili, si "nlimi." Ikitanguliwa na n, l huwa d, na r nayo huwa d. Tunasema watu wawili, lakini nyumba mbili, kwa sababu n ikikutana na w ya neno hilo zote mbili hubadilika zikawa mb. Mtoto wa chekechea husema "nyumba ndefu" na hajui kwamba kuna kanuni. Na ona jambo la ajabu kidogo: baada ya n, Kiswahili chenyewe, ambacho wengine wanakitumia kuwacheka wenzao, huitendea l na r kama kitu kimoja.

Gĩkũyũ kina kanuni inayosomeka kwenye vibao vya matatu. Orodhesha majina haya: Kinoo, Kiambu, Kabete, Kangemi, Karuri. Kisha haya: Githurai, Githogoro, Gitaru, Gatundu, Gachie. Mbona kundi moja linaanza kwa k na jingine kwa g? Tazama konsonanti inayofuata. Kwa kawaida kiambishi ni kĩ- au ka-. Silabi inayofuata ikianza kwa t, k, c au th, ile k ya mwanzo hulainika ikawa g, kana kwamba lugha haipendi konsonanti kavu mbili zifuatane. Ndiyo sababu jina la lugha lenyewe ni Gĩkũyũ na si Kĩkũyũ. Vitenzi navyo hutii: kulima ni kũrĩma, kusoma ni gũthoma. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeibaini katika Kinyamwezi huko Tanzania. Lakini mama anayeuza mboga Githurai amekuwa akiitii maisha yake yote, na hakosei.

Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba hata neno la kigeni halipiti bila kunyolewa. Kule Kiambu kuna Kirigiti, mahali palipoitwa hivyo kwa sababu ya mchezo wa kriketi uliochezwa na walowezi. Neno hilo lina k mbili. Ya kwanza inafuatwa na r, ikabaki k. Ya pili inafuatwa na t, ikawa g. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Masikio na ndimi za watu zilifanya kazi yake.

Kirigiti kinatuonyesha pia umbo la silabi. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hupenda silabi iishe kwa irabu, na konsonanti zikibanana huingiziwa irabu katikati au mwishoni. Ndiyo maana tuna benki, kabati, na kilabu. Kule Nairobi kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kilituachia jina la mtaa wa Kariokor. Dar es Salaam jina hilohilo likawa Kariakoo. Nairobi imekubali r mwishoni, jambo ambalo Kiswahili cha jadi hukwepa, na Dar imefuata kanuni hadi herufi ya mwisho. Eastleigh nayo wengi wakaiita Isili, hadi vijana wa Sheng walipoikata ikawa Isich. Watu husema Sheng haina utaratibu, lakini hata kugeuza "stori" kuwa "risto" kunahitaji msemaji ajue silabi inaanzia wapi na kuishia wapi. Asiye na hisia hiyo hawezi kupindua neno na likaeleweka.

Juu ya sauti zenyewe kuna mkazo, au shadda. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Neno "barabara" likikaziwa hapo ni njia ya magari; mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana inakuwa sawasawa, bila kasoro. Lugha nyingi za Kibantu zina toni pia, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Gĩkũyũ na Kikamba zinayo. Kiswahili sanifu kimeiacha, na ni sababu mojawapo ya wageni kukiona chepesi.

Je, basi kila mtu atamke apendavyo? Hapana. Kiswahili sanifu kinatenganisha l na r, na mtahiniwa anayeandika "kupiga kula" atapoteza alama kwa haki. Msomaji wa taarifa ya habari anapaswa kujifunza. Ninachokataa ni kumwona mtu mjinga kwa sababu ya ramani ya sauti aliyorithi kwa mamake, halafu kumfundisha kwa kumrudishia makosa yake mbele ya wenzake. Njia hiyo haifai hata kama lengo ni matamshi bora, kwa sababu inaanzia ulimini, ilhali tatizo liko sikioni.

Ushahidi upo. Mwaka wa 1991 watafiti Logan, Lively na Pisoni nchini Marekani walichapisha mafunzo waliyowapa Wajapani wanaojifunza Kiingereza. Hawakuwaambia watamke chochote. Waliwasikilizisha jozi za maneno yanayotofautiana kwa l na r, yakisomwa na watu kadhaa tofauti, na kila jibu likasahihishwa papo hapo. Usikivu wao ukaboreka. Utafiti uliofuata mwaka wa 1997, ukiongozwa na Ann Bradlow, ulionyesha kwamba matamshi nayo yaliboreka, ingawa mafunzo yalikuwa ya kusikiliza tu.

Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufanya hivyo bila kifaa chochote cha gharama. Aandike ubaoni "kura" upande mmoja na "kula" upande mwingine, asimame nyuma ya darasa, alitamke mojawapo, na watoto waelekeze kidole kwenye neno walilolisikia. Kisha "mahari" na "mahali." Lakini "kuroga" na "kuloga" aziepuke kwa sababu maneno hayo mawili yana maana moja na yatawavuruga. Asisome peke yake. Amwite mwalimu mwenzake, mpishi, mlinzi wa lango, mzazi aliyeleta mtoto, kila mmoja asome kwa sauti yake, maana sikio linalozoea mtu mmoja hujifunza mtu huyo badala ya fonimu. Mtoto akikosea aambiwe jibu hapohapo, na zoezi liendelee. Kutamka kuje baadaye.